Vifungu 229, ndiyo moja

Swali la wiki hii lilikuwa: kura ya maoni ikishaigawanya nchi, je, ni haki kuyarudia matokeo yake, au wananchi wakishasema wamesema? Najibu kutoka Lubumbashi, Kongo (DRC), komini ya Katuba. Huku hatuna haja ya kwenda Uingereza kutafuta mfano.

Jibu langu: yanaweza kurudiwa. Ila yasirudiwe kwa namna ile ile yalivyopatikana, yaani mambo kibao yamefungwa furushi moja, mtu anaambiwa abebe lote au aache lote.

Tarehe 18 Desemba 2005 nilimsindikiza mama kupiga kura ya maoni ya katiba mpya. Ulikuwa msimu wa mvua, uwanja wa shule tope tupu, na yeye alikuwa amevaa kikwembe chake cha kanisani. Mstarini mama mmoja aliyetutangulia akageuka akamuuliza, "Mama, leo tunachagua nani?" Mama akamjibu bila kusita, "Hatuchagui mtu. Wanatuuliza kama tunataka vita iishe." Katiba ile ilikuwa na vifungu 229. Mama hakusoma hata kimoja. Mimi nilisoma vichache, maana nakala ilikuwa moja, ikizunguka lupango zima, yaani nyumba zote za ua wetu, na iliponifikia ilikuwa imepungua kurasa za mwisho. Sijui nani alifungia karanga.

Akaweka ndiyo. Nchi nayo ikaweka ndiyo, zaidi ya asilimia 84, ingawa UDPS, chama cha upinzani cha mzee Étienne Tshisekedi, ilikuwa imewaomba watu wasusie.

Sasa, ndani ya furushi lile, kwenye kifungu cha 2, ilikuwemo habari ya kuikata nchi majimbo 25 pamoja na mji wa Kinshasa. Katanga, jimbo letu, ilikuwa itoke vipande vinne. Tuliulizwa? Kwa sheria, ndiyo. Lakini muulize mama aliyekuwa mstarini: yeye aliulizwa habari ya vita. Miaka ikapita bila kitu, watu wakasahau, halafu 2015 kisu kikashuka kweli. Lubumbashi ikabaki Haut-Katanga, Kolwezi ikaenda Lualaba na migodi yake, Kamina ikawa Haut-Lomami, Kalemie ikawa Tanganyika.

Mimi nafanya kazi ya fotokopi. Mwaka ule nilikuwa na rundo la fomu zenye kichwa "Province du Katanga", na karatasi ni pesa, siwezi kuzitupa. Nikawa nabana neno "Haut" kwa biki, katikati ya "du" na "Katanga", fomu baada ya fomu. Wateja wengine walicheka. Mzee mmoja aliitazama fomu yake muda mrefu, akanirudishia na kuniambia nimtafutie ambayo haijaandikwandikwa. Sikuwa nayo.

Nyumbani kwetu jambo hili halijaisha mpaka leo. Kaka yangu anaishi Kolwezi na anashukuru sana: anasema zamani pesa ya kwao ilikuwa inapita tu, inakuja kulala Lubumbashi, na sasa angalau wana gavana wanayeweza kumpigia kelele karibu. Mama, ambaye kwao ni Kamina, anasema yeye ni mtu wa Katanga, hayo mengine ni majina ya mito na ziwa. Wakikutana sikukuu, bukari inapoa mezani. Na wote wawili wanasahau kwamba Lualaba si jina geni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Katanga ilikwisha kukatwa vipande vitatu, Lualaba kikiwa kimojawapo, mpaka Mobutu alipoiunganisha upya. Kwa hiyo kuunganishwa hatukuulizwa, na kukatwa mara ya pili tuliulizwa nusu.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu, ananipinga kila nikifungua mdomo. Asiyekubali kushindwa si mshindani, ananiambia. Mazembe ikifungwa na Lupopo, nani anarudia mechi? Kweli, hairudiwi. Lakini msimu ujao timu zinakutana tena, na hakuna anayeona kwamba Lupopo imeibiwa ushindi wake wa zamani.

Tena hao wanaosema matokeo ya kura ya wananchi hayaguswi, walikuwa wapi Januari 2011? Wabunge na maseneta walikutana wakabadilisha vifungu vinane vya katiba ile ile, wakaondoa duru ya pili ya uchaguzi wa rais. Mama hakuitwa tena kwenye tope. Kisheria hawakukosea, kifungu cha 218 kinawaruhusu wakifika theluthi tatu... samahani, tatu ya tano. Ninachosema ni kwamba matokeo ya 2005 yaliguswa zamani. Wasioruhusiwa kuyagusa ni sisi tulioyatoa.

Angalia Kenya (nchi, si komini ya Kenya ya hapa Lubumbashi). Novemba 2005, mwezi mmoja kabla yetu, walikataa katiba mpya kwa asilimia kama 58. Alama ya hapana ilikuwa chungwa, ya ndiyo ilikuwa ndizi. Agosti 2010 wakaulizwa tena na wakakubali kwa karibu asilimia 67. Kilichorudi mezani kilikuwa andiko jingine, lililoandikwa baada ya damu ya uchaguzi wa 2007 kuwafundisha mengi. Denmark nao walikataa mkataba wa Maastricht mwaka 1992 kwa asilimia 50.7, wakaukubali 1993, lakini katikati walikuwa wamepewa ruhusa ya kubaki nje ya mambo manne yaliyowaudhi. Waingereza furushi lao lilikuwa la ajabu zaidi: swali fupi kabisa, kutoka Umoja wa Ulaya au kubaki, na kila aliyesema kutoka akapakia humo kutoka kwake mwenyewe. Asilimia 51.9 kwa 48.1, kisha miaka zaidi ya mitatu ya kugombana walichokuwa wamekubali.

Mfano unaonitisha ni wa jirani. Uganda mwaka 2000 walipiga kura kuendelea bila ushindani wa vyama. Mwaka 2005 wakaulizwa tena, wakarudisha vyama kwa zaidi ya asilimia 90. Vizuri. Ila mwaka ule ule bunge lao likaondoa kikomo cha mihula ya rais. Mkono mmoja ulitoa, mwingine ukachukua.

Ndiyo sababu nilipomsikia Rais Félix Tshisekedi akiwa Kisangani, Oktoba 2024, akitangaza tume ya kuitazama upya katiba, sikukasirika kwa kuwa katiba inaguswa. Niliogopa furushi. Kifungu cha 220 kinasema idadi na urefu wa mihula ya rais havibadilishwi. Kesho mtu anaweza kuja Lubumbashi akatuambia, wekeni ndiyo, mtarudishiwa Katanga yenu nzima. Hivyo ndivyo mama alivyokuwa akitunywesha kinini: anaificha ndani ya ndizi, unameza tamu, unaamka na masikio yanalia.

Kwa hiyo jambo la majimbo lije na karatasi yake. Lisomwe kwa Kiswahili, Kilingala, Kiluba na Kikongo, kwa sauti, sokoni na makanisani, miezi kadhaa kabla ya kura. Na lisije na karatasi ya mtu anayetaka kubaki kwenye kiti. Kama watasema karatasi mbili ni gharama, mimi nauza fotokopi, nitawapunguzia.

Ikifika siku hiyo, ile ya majimbo sijui bado nitaweka nini. Kaka ataweka moja, mama nyingine, na nikiwasikiliza wote wawili wananishinda. Ile ya mihula naijua tangu leo. Mama pia anaijua. Juzi nimemsomea kifungu cha 220 polepole, akaniambia nirudie, nikarudia, akauliza kwa nini mwaka ule hakuna aliyemsomea.