Kikombe Kilichoponyoka

SWALI: Shikamoo mama. Mimi natembeza wageni hapa Bagamoyo, Mji Mkongwe na magofu ya Kaole. Kijapani najifunza mwenyewe kwa simu. Juzi mgeni wangu, mama wa Kijapani, alinipa nimshikie kikombe chake cha kaure, kikaniponyoka. Nikamwambia "Koppu o warimashita", nimevunja kikombe. Akanuna mpaka jioni. Nilikosea wapi?
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Marahaba mwanangu. Sarufi yako haina kosa, ila umetoa taarifa kavu: nimevunja, basi. Mama wa watu pengine alitaka kusikia kwamba nawe roho imekuuma. Ungesema: "Koppu o watte shimaimashita. Sumimasen." Hiyo "sumimasen" ni samahani.

Hilo "shimaimashita" limetokana na kitenzi "shimau". Likiwa peke yake ni kumaliza, au kuweka kitu mahali pake. Hata kufunga duka. Liweke nyuma ya kitenzi kinachoishia na -te au -de, litasema jambo limekwisha, halirudi, na mara nyingi kwamba hukulitaka.

Mimi lilinikuta Osaka, miaka hiyo nasomea ushonaji. Nimeingia darasani nimechelewa, nikasema "Okuremashita", nikaketi zangu. Mwalimu kabaki kanitazama, chaki mkononi, hadi jirani yangu akaninong'oneza: "Okurete shimaimashita." Tangu siku hiyo sijalisahau.

Sisi nusu yake tunayo. "Nimeshakula" ilikuwa "nimekwisha kula". Kitenzi cha kumaliza kimefupishwa mpaka kimekuwa kijisehemu. Wao vilevile: "tabete shimatta", nimeshakula ("shimatta" ni "shimaimashita" isiyo na adabu ya rasmi), mtaani ni "tabechatta", na "nonde shimatta", nimeshakunywa, ni "nonjatta". Ila "-mesha-" yetu haina majuto ndani yake. Majuto tunayatia kwingine. Tazama barua yako: umeandika "kikaniponyoka", hukuandika "nilikiangusha". Kikombe ndicho kilichotenda, wewe umetendwa! Ndivyo tunavyosema pikipiki imeniharibikia, basi limeniacha. (Hilo la basi, Mjapani atasema "Basu ga itte shimaimashita".)

Sasa hapo uwe mwangalifu. Ukilihamisha hilo la kwetu kama lilivyo, utasema "Koppu ga waremashita", kikombe kimevunjika, na mgeni ataona unamruka. Kwenye "watte shimaimashita" mvunjaji ni wewe, lawama umeibeba, ila umeonyesha hukukusudia.

Usishtuke pia ukilisikia pasipo na msiba. "Hon o zenbu yonde shimaimashita", kitabu chote nimekimaliza. Mtu anaweza kulisema hilo anacheka. Mtazame usoni.

Na "watchatta", ufupisho wa "watte shimatta", waachie vijana wenzio. Huyo mama uliyemvunjia kaure yake, mwambie kwa urefu wake, kichwa umekiinamisha.