Manowari mbili au manowari mawili?

SWALI: Mwaka 2023 Marekani ilipotuma USS Bataan na USS Carter Hall Bahari ya Shamu, nilisoma kwamba "manowari mawili yamewasili". Rafiki yangu akaiita Bataan nyambizi, mwingine meli ya kubeba ndege. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Hakuna. Tuanze na ngeli. *Ma-* ya "manowari" si kiambishi cha wingi. Neno limetoholewa zima zima kutoka Kiingereza, *man-of-war*, wala hakuna "nowari" moja. Sema manowari ile ilitia nanga, manowari zile zilitia nanga. Wanaosema "manowari mawili" wanafuata sikio tu. Mbona hawasemi "mashine mawili"?

Nyambizi huzama na kusafiri chini ya maji, kwa hiyo rafiki yako hana utetezi. Huyo aliyeiita meli ya kubeba ndege anao kidogo: sitaha ya Bataan ni tambarare tangu omo (mbele) hadi tezi (nyuma), na helikopta huruka na kutua hapo. Lakini kazi yake hasa ni kupeleka askari nchi kavu. Ina urefu wa mita 257 na hubeba askari wa Marine, yaani wanamaji wa Marekani wanaopigana nchi kavu, zaidi ya 1,600 pamoja na magari yao. Tumboni, upande wa tezi, mna ukumbi wenye lango kubwa. Meli ikijaza maji kwenye matangi yake, tezi hudidimia, bahari huingia ukumbini, na mashua zilizopakia magari na zana hutoka zikielea moja kwa moja kuelekea ufukweni. Haihitaji gati. Ndiyo maana ilifaa kupeleka misaada Haiti mwaka 2010, tetemeko lilipokuwa limeharibu bandari ya Port-au-Prince.

Tuiiteje basi? "Meli ya amfibia" siipendi. Aliyesoma baiolojia atawaza chura. "Manowari ya kutua" ni mbaya zaidi, kwani inayotua ni ndege. Bandarini kwetu abiria na shehena *hushushwa*, na kitenzi hicho kinatosha: manowari ya kushusha askari ufukweni. Ni jina refu, nakubali. Litaje kamili mara ya kwanza, kisha andika "manowari" tu. Kitenzi hicho kinafaa pia kwa Septemba 2012, Wakenya walipouvamia mji wa bandari wa Kismayo, Somalia, kutoka baharini: askari walishushwa ufukweni, hawakutuliwa.