Fundi, Haiwaki, Tatizo Nini?

Maswali ya pikipiki kuukuu za safari yamejaa, na nusu yake ni hilo la kichwa cha habari. Halitaji aina ya pikipiki wala mwaka, wala halisemi kama stata inazunguka au iko kimya. Swali la namna hiyo mpelekeeni mpiga ramli. Nimechukua ya walioeleza kidogo, na mawili yaliyoniudhi.

Shikamoo fundi. Nimenunua Honda Transalp ya 1989 iliyokaa stoo miaka mingi. Stata inazunguka lakini injini haishiki. Nimebadilisha plagi zote, koili na CDI moja. Hela inaisha. Nifanyeje? (Msomaji, Uyole)

Marahaba, mwanangu. Kwanza funga pochi. Umenunua vitu vya aina tatu na hujapima hata kimoja, na huo ndio ugonjwa ninaoupigia kelele kila mara: mtu anatibu pikipiki kwa kubahatisha, mwenye duka la spea anajenga nyumba. Hebu fikiri. Transalp ya umri huo ina CDI mbili, vile visanduku vya umeme vinavyoamuru plagi zitoe moto, kila silinda na yake. Ikifa moja, injini bado inashika kwa silinda iliyobaki, inaguna tu na kukosa nguvu. Yako haishiki kabisa. Basi CDI moja isingekuwa dawa hata ungeinunua kwa dhahabu.

Anza na vya bure. Koki ya mafuta iko wazi? Usicheke, nimeona mtu mzima akisukuma pikipiki kutoka Mafiat hadi Soweto, jasho linamtiririka, kumbe koki ameifunga mwenyewe jana yake. Kisha fungua tenki unuse. Petroli iliyolala miaka hainuki petroli, inanuka vanishi.

Halafu nunua mita ya umeme. Ile ya bei ya chini inatosha. Betri nzima iliyotulia isome volti 12.6 au zaidi. Bonyeza stata huku unatazama mita: ikishuka chini ya 10, betri imechoka au viungo vyake ni vibovu. Stata inaweza kuzunguka vizuri tu huku imekula umeme wote, plagi zisipate kitu. Ukishajua hali ya betri, fuata waya wa ethi, ule wa hasi wa betri, mpaka pale unapofungwa kwenye chuma. Fungua bolti, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza. Mimi mwenyewe miaka ya ujana niliagiza koili kutoka nje, nikaisubiri mwezi mzima, nikaifunga, hola. Kilichokuwa kibovu ni bolti moja ya ethi yenye kutu. Koili ile ninayo mpaka leo, inazuia karatasi zisipeperuke mezani.

Sasa tazama moto. Chomoa plagi, irudishe kwenye kofia yake, chuma chake kiguse injini, piga stata ukiwa kivulini. Iweke mbali na tundu la plagi na mbali na petroli, sitaki kusikia umeungua nyusi. Rudia kwa zote nne, maana kila silinda ina mbili. Silinda moja ikikosa moto, badilishana zile CDI mbili, ya mbele ipeleke nyuma. Ugonjwa ukihama, CDI ndiyo mbaya. Ukibaki palepale, rudi kwenye waya na koili. Kipimo hicho hakina gharama, nawe ulikuwa nacho kabla hujaenda dukani.

Moto ukiwepo kila mahali, na kwa maelezo yako nadhani upo, basi ni kabureta. Petroli ya zamani hugeuka gundi na kuziba jeti ndogo ya sailensa, kile kipande chenye tundu kinachopitisha petroli injini ikiunguruma polepole. Legeza skrubu ya kumwagia iliyo chini ya bakuli la kabureta uone kinachotoka. Kikitoka cha rangi ya chai, fungua zote mbili, osha kwa dawa ya kabureta, puliza kwa upepo wa kompresa. Usichokonoe jeti kwa waya. Tundu lake hupimwa kwa sehemu za mia za milimita. Ukilitanua umeharibu jeti, na hutaona kwa macho kwamba umeliharibu.

Kamwene fundi. Yamaha XT600 yangu ilikuwa safi Dar es Salaam. Tangu nije nayo Njombe plagi inakuwa nyeusi tititi, moshi unanuka petroli, inabanja. Fundi wa hapa anataka kutoboa jeti iwe kubwa. Nimruhusu? (Msomaji, Njombe)

Kamwene. Mnyang'anye hiyo drili.

Kwenye mwinuko kama wa Njombe hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko pwani. Kabureta haijui kwamba umehama, inaendelea kumwaga petroli ya Dar kwenye hewa ya Njombe. Plagi nyeusi maana yake petroli imezidi, na yeye anataka kuiongeza. Anza na chujio la hewa: likiwa limejaa vumbi la barabarani, hata hiyo hewa kidogo haipiti. Kisha hakikisha choki inarudi mpaka mwisho. Kwa baridi ya Juni kule kwenu watu wanaivuta asubuhi na kuisahau, au kebo yake imekwama. Vikiwa sawa na bado plagi ni nyeusi, weka jeti kuu iliyo ndogo kwa namba moja, ya kununua, siyo ya kuchonga. Ile ya zamani ifunge kwenye kitambaa uihifadhi. Siku ukiteremka Kyela, ambako ni kama mita 500 tu juu ya bahari, utaihitaji. Ukikimbia na jeti ya mlimani kwenye joto lile injini itachemka.

Oili ya gari naweza kuweka kwenye pikipiki? (Wasomaji wengi mno)

Hapana. Klachi nyingi za pikipiki zinaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, na oili za gari za kupunguza msuguano zinazitelezesha. Tafuta kopo lenye maandishi JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi za namna hiyo. Zile BMW za zamani za silinda mbili zilizolala ubavuni zina klachi kavu, wenyewe wanajijua. Naomba lisirudi tena.

Nikishuka mlima Kitonga breki ya mbele inakuwa laini kama sifongo, mkono unagusa mshikio. Nikipumzika Ruaha Mbuyuni inarudi vizuri. Ni kawaida kwa pikipiki ya zamani? (Msomaji, Ilula)

Kawaida? Ndugu yangu, hilo ni onyo la mwisho, na umelipata ukiwa hai.

Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki mpaka yafike nyuzi 230 au zaidi. Yakishanyonya maji, kiwango kinaruhusu yashuke mpaka 155, na ya kwako yaliyokaa tangu pikipiki ilipokuja nchini nadhani yako chini zaidi. Ukibana breki kona baada ya kona, yanachemka ndani ya kalipa, kile chuma kinachobana diski, yanatoa mapovu, na povu linabanika. Ikipoa mapovu yanapotea, unadanganyika kwamba imepona. Mwaga yote, weka mapya kutoka kopo lililofungwa, toa upepo mpaka kusiwe na povu. Rudia kila baada ya miaka miwili. Usiweke oili ya aina nyingine yoyote. Mpira wa ndani utavimba, na breki inaweza kubana yenyewe ukiwa katikati ya safari.

Ukiwa hapo, zungusha gurudumu la mbele kwa mkono. Likiwa zito, pistoni za kalipa zimeganda na zinapasha joto hata usipobana. Tazama na mipira ya breki, ile mirija inayopeleka mafuta kwenye kalipa: ikiwa ni ileile ya kiwandani ya miaka ya themanini, badilisha bila kuniuliza.

Na Kitonga haushukwi kwa breki. Shuka na gia ya pili au ya tatu, injini ikuzuie, na uache nafasi nyuma ya lori. Unayemfuata naye huenda breki zake zinachemka. Mpaka uweke mafuta mapya, panda daladala.

Tairi langu lina kashata za kutosha lakini limeandikwa 2306. Bado zima? (Msomaji, Mafinga)

Wiki ya 23, mwaka 2006. Litupe.

Nikipanda kutoka Tukuyu kwenda Isyonje inazima baada ya nusu saa. Nikikaa dakika kumi inawaka. Nadhani petroli imechakachuliwa. (Msomaji, Tukuyu)

Kila mtu analaumu sheli. Petroli mbaya haiponi kwa kupumzika dakika kumi. Itakapozima, fungua kifuniko cha tenki hapohapo. Ukisikia hewa ikiingia "fyuu" na injini ikawaka, tundu la kupumulia kifuniko limeziba, lisafishe, umemaliza. Usiposikia kitu, chomoa plagi utazame moto wakati injini bado ya moto. Koili zilizozeeka hukata zikipata joto na kurudi zikipoa, ndiyo maana ukiipeleka kwa fundi ikiwa imepoa atakwambia ni nzima. Tembea na spana ya plagi.

Kuna BMW R80 GS ya 1988 inauzwa Iringa, haijawaka miaka minne. Mwenyewe anasema inataka betri tu. Ninunue? (Msomaji, Kihesa)

Nenda na betri yako yenye chaji. Kama ni betri tu, itawaka mbele yenu, mpe hela yake.

Isipowaka, weka gia ya juu, chomoa plagi, zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono uone kama injini inazunguka. Isipozunguka, aga kwa heshima. Ikizunguka, fungua skrubu ya oili kidogo: oili nyeupe kama maziwa ina maji. Haina cheni, inaendeshwa kwa shafti, kwa hiyo muulize mara ya mwisho gia boksi ilifunguliwa lini na meno ya shafti ya klachi kupakwa grisi. Akikukodolea macho, punguza bei. Mwisho, linganisha namba za chesisi na injini na zile za kadi, ukahakiki TRA kabla hujatoa hata shilingi ya soda. Kadi ikiwa na jina la mtu aliyeondoka nchini zamani, hiyo pikipiki siyo nafuu tena.