Jibu: Benki ya Kiislamu ikitoa zaidi kwa jamii, faida hupanda?

Ndugu, kabla ya kulinganisha misaada na faida kama ulivyouliza, chunguza kwanza pesa hizo zimetoka wapi. Faini anayotozwa mteja aliyechelewa kulipa murabaha, yaani bidhaa ambayo benki humuuzia kwa mkopo kwa bei yenye faida iliyotajwa wazi, haipaswi kuingia kwenye mapato ya benki. Hupelekwa kwenye hisani. Ukiihesabu kuwa ukarimu wa benki umejidanganya, hata kama ripoti ya mwaka imeipamba kwa picha. Zaka ya asilimia 2.5 nayo ni wajibu. Mimi ningetazama karadha hasan, yaani mkopo usio na ziada, maana hapo benki inaacha faida yake yenyewe. Halafu pima utoaji wa mwaka huu dhidi ya faida ya mwaka unaofuata, la sivyo utagundua tu kwamba mwenye nacho ndiye anayetoa.