Re: Mlima Li na maji moto ya Huaqing (karibu na Xi'an, China), mtu unaoga kweli?

Mkuu hapana, yale mabwawa ya mawe ya enzi za Tang (ukoo wa wafalme wa China wa zamani) sahivi ni makavu, unachungulia tu, la Yang Guifei, suria kipenzi wa mfalme, lina umbo la ua na ni dogo kuliko unavyodhani. Maji yanatoka na nyuzi 43 hivi, ukitaka kujiloweka tafuta hoteli za jirani. Ila usipite mbio vile vyumba alivyolala Chiang Kai-shek, kiongozi wa China wakati huo, Desemba 1936, matundu ya risasi bado yapo dirishani, askari wa majenerali wake mwenyewe walimvamia, jamaa alichomoka alfajiri na nguo za kulalia akakimbilia mlimani wakamkuta kajibanza kwenye miamba aisee. Kutoka Xi'an ni kama kilomita 30, wale askari wa udongo (sanamu za kaburi la mfalme wa kwanza wa China) wako njia hiyohiyo kwa hiyo unganisha tu, na kama magoti yanasumbua panda gari la nyaya kwenda juu mlimani.