Kisigino kinauma na siku ya daktari bado iko mbali: miezi mitano ya kusubiri imenifundisha nini

Kama unasoma hii umekaa ukingoni mwa kitanda unaogopa kushusha mguu, nakuelewa kabisa, maana nimekaa hapo asubuhi nyingi sana. Ile hatua ya kwanza ukitoka kulala ndo inaumiza kuliko zote, kama umekanyaga msumari, unashika ukuta, unatembelea vidole mpaka bafuni, halafu ukishazunguka dakika kumi hivi maumivu yanalegea unajiona umepona. Unakaa kidogo kupumzika, unainuka, yamerudi yale yale. Mimi nimeishi hivyo karibu mwaka mzima, na ndani ya huo mwaka kuna miezi mitano ambayo nilikuwa nasubiri tu zamu yangu ifike nionane na mtaalamu wa miguu. Hiyo miezi mitano ndo nataka kuiongelea, kwa sababu miwili ya mwanzo niliipoteza bure na sitaki na wewe uipoteze.

Daktari wa kwanza aliyeniona aliniambia ni planta fasaitisi. Chini ya unyayo kuna utando mgumu, kama mkanda, umeshikizwa kwenye mfupa wa kisigino unaenda mpaka kwenye vidole, na ndo unaoubeba ule upinde wa mguu. Ukiubebesha mzigo kuliko uwezo wake siku baada ya siku, labda kwa kusimama muda mrefu, au mwili umeongezeka, au umeanza kukimbia kwa pupa, au vigimbi vimekaza, au viatu soli imeisha, unaanza kuchoka na kuharibika kidogo kidogo pale unaposhikana na mfupa. Usiku mguu ukiwa umelala ule mkanda unajikunja, sasa asubuhi wewe unauvuta ghafla kwa uzito wa mwili mzima, lazima upige kelele.

Eksirei ilionyesha na kamwiba kadogo kwenye mfupa. Hapo niliogopa sana, nikawa usiku silali nawaza kuna kitu kinanichoma kwa ndani na lazima kikatwe. Baadae nikaja kuelewa kwamba watu wengi wana huo mwiba na hawajawahi kuumwa kisigino hata siku moja, na wengine wanaumwa vibaya na hawana mwiba wowote. Kwa hiyo ukiambiwa una mwiba usikimbilie kutafuta wa kuukata, kwanza shughulika na huo mkanda.

Sasa kosa langu. Nilivyopewa tarehe ya mbali nikasema basi, ngoja nipumzishe mguu mpaka siku hiyo. Nikakaa ndani kama wiki mbili, maumivu yakapungua kweli, nikafurahi, nikatoka siku moja nikazunguka na shughuli zangu zote zilizolala, kesho yake sikuweza kukanyaga kabisa. Nikarudia tena hivyo hivyo mara ya pili. Mkanda ukiukalisha bure unazidi kuwa dhaifu, na ukija kuubebesha mzigo wa siku nzima kwa mkupuo unaumia upya, yaani nilikuwa najiumiza kwa kupumzika na najiumiza tena kwa kutoka.

Kilichonitoa kwenye huo mzunguko ni daftari. Kila asubuhi, hatua ya kwanza tu, naandika namba kuanzia 0 mpaka 10, 0 hakuna maumivu, 10 siwezi kukanyaga. Na usiku naandika mistari miwili, leo nimefanya nini, nimevaa nini mguuni, nimesimama wapi. Basi. Kisigino hakikwambii siku ile ile kwamba umezidisha, kinakujibu kesho yake asubuhi, kwa hiyo kama leo umetembea nusu saa na kesho namba ni ile ile ya kawaida yako au imepungua, nusu saa unaiweza, endelea nayo. Namba ikipanda kwa mbili au tatu, punguza, ila usiache kabisa. Baada ya wiki tatu hivi nikaona kitu ambacho nisingekijua bila kuandika: siku zangu mbaya hazikutokana na kutembea, zilitokana na kusimama sehemu moja bila kusogea juu ya sakafu ngumu, na zile jioni ambazo nikifika nyumbani navua viatu natembea peku. Nilikuwa naogopa kutembea wakati adui ni sakafu!

Kwa hiyo peku niliacha, kabisa, hata ile ya kutoka kitandani kwenda bafuni. Weka viatu pale pale chini ya kitanda, vyenye soli nene kiasi na kisigino kilichoinuka kidogo, vaa kabla hujasimama. Ndala nyembamba iliyolala bapa haina tofauti na peku. Raba iliyokwisha soli upande mmoja nayo ni shida hata kama juu bado inang'aa, igeuze uiangalie. Nilinunua pia vile vikalio laini vya kuweka ndani ya kiatu chini ya kisigino, vinasaidia, nunua vya kawaida tu jaribu kwanza kabla hujaingia kwenye vya kutengenezewa kwa vipimo. Na kazini niliomba kiti. Niliona aibu kwa muda mrefu kwa sababu ukinitazama ni mzima kabisa, sina bandeji, sina gongo, na kuna mtu aliwahi kuniambia kisigino tu ndo kinakufanya hivyo? Hilo neno liliniuma. Omba kiti ndugu yangu, usisubiri waone damu.

Mazoezi sasa. La kwanza linafanyika kabla mguu haujagusa chini, na kwangu mimi ndo lililobadilisha asubuhi. Unakaa kitandani, unaweka mguu unaouma juu ya goti la mguu wa pili, unashika vidole vyote vya mguu kwa mkono unavivuta kuelekea kwenye mfupa wa mbele wa mguu mpaka usikie unyayo umevutika kama kamba, unahesabu 10 unaachia, unarudia mara kumi. Nilifanya mara tatu kwa siku, na kila nikiwa nimekaa muda mrefu nafanya kidogo kabla ya kuinuka. La pili ni la kigimbi, unasimama unaegemea ukuta, mguu unaouma nyuma, kisigino kimegusa chini, goti limenyooka, sekunde 30, halafu unarudia goti likiwa limekunjwa kidogo maana hapo kuna msuli mwingine wa chini zaidi.

La tatu ni la kuongeza nguvu na hili usilianze siku ambayo namba yako iko 8. Unakunja taulo unaliweka kwenye ngazi, unakanyaga vidole juu ya taulo ili vielekee juu, visigino viko nje vinaning'inia, unashikilia ukuta, unapanda taratibu kwa sekunde tatu, unatulia juu mbili, unashuka tatu. Anza na miguu yote miwili, ukizoea ndo uende mguu mmoja. Siku unafanya, siku unapumzika. Nilianza na mara sita tu nikawa natetemeka, baada ya wiki nyingi nikafika mara kumi na mbili kwa raundi tatu. Hili halitoi nafuu haraka, wiki za mwanzo utaona kama halifanyi kitu, daftari ndo litakuonyesha namba inashuka taratibu.

Jioni nilikuwa nagandisha chupa ya maji, naifunga kitambaa chembamba nabingirisha chini ya unyayo kama dakika kumi. Inatuliza, haiponyi, ila kulala bila maumivu si kitu kidogo. Mwenye kisukari au mwenye ganzi miguuni hii asiifanye, barafu inaweza kukuunguza usisikie. Dawa za maumivu nilitumia siku mbaya tu. Kama una vidonda vya tumbo, shida ya figo, ujauzito, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, usijinunulie ibuprofen kienyeji, uliza kwanza.

Kuhusu sindano ya kisigino, ile ya steroidi, kila mtu atakwambia nenda kachome utapona kesho. Ile dawa inaweza kutuliza kwa wiki kadhaa, ila mara nyingine mkanda wenyewe unaweza kukatika baada yake, na yale mafuta yanayokinga kisigino yanaweza kupungua. Mimi nilikataa kuchomwa kwa haraka na mtu ambaye hajanipima, nikasubiri mtaalamu. Sikwambii ukatae, nasema ukae na mtu akueleze yote mawili kabla.

Na kuna maumivu ya kisigino ambayo si ya kusubiri kabisa, hata kama tarehe umepewa: ganzi au kuchomachoma kama umeme kwenye unyayo, maumivu yanayokuamsha usiku hujakanyaga kitu, kisigino kuvimba na kuwa chekundu na moto huku una homa, kuumia ghafla ukasikia kitu kimekatika, au kubana kisigino pembeni kwa vidole kukakuuma sana baada ya kuanguka au kuongeza mazoezi, hapo inaweza kuwa mfupa una ufa. Visigino vyote viwili vikiuma na mgongo asubuhi umekaza muda mrefu, sema hilo kwa daktari. Kidonda mguuni kwa mwenye kisukari, nenda leo.

Wengi wanaopata tatizo hili wanapona bila kupasuliwa, ila ni kwa miezi, sio kwa siku, na mara nyingi ni ndani ya mwaka mmoja. Kuna wiki nilikata tamaa nikalia kabisa, namba ilikuwa imeshuka mpaka 4 ikarudi 7 kwa sababu ya siku moja ya msiba ambayo sikuweza kukaa chini. Nilifungua daftari nikaangalia miezi miwili nyuma, nikaona hata hiyo 7 zamani ilikuwa ndo siku yangu nzuri.

Siku ya miadi ilipofika asubuhi niliandika 3. Mtaalamu alinipima, akalichukua daftari akalisoma ukurasa kwa ukurasa bila kuongea, halafu akaniuliza kwenye ngazi nafanya mara ngapi. Nikamwambia kumi na mbili mara tatu. Akasema kuanzia kesho fanya umebeba begi mgongoni lenye vitabu, na urudi baada ya wiki sita, uje na daftari.