Nimeongeza namba ya kiatu ila vidole bado vinawaka, nifanyeje?

Swali: Habari daktari. Nipo kaunta benki hapa Dar, tunavaa skuna nyeusi na stokingi rangi ya mwili toka asubuhi mpaka jioni. Nilikuwa navaa 38, vidole vikawa vinawaka hasa mchana, nikanunua 39 nikajua nimemaliza, sasa hivi ndo imekuwa balaa, vidole vinauma zaidi na kisigino kinachomoka nikitembea. Stokingi nazo hazimalizi wiki, zinatoboka kwenye dole gumba. Shida ni kiatu au mguu wangu?

Jibu: Pole sana dada. Kwanza mimi sio daktari, ni fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo), ila miguu ya watu wa maofisini ndo kazi yangu ya kila siku.

Kwa ulivyoeleza, kuna uwezekano mkubwa umeongeza urefu wakati kilichokuwa kinapungua ni upana. Namba ya kiatu inakwambia urefu, kutoka 38 kwenda 39 unapata karibu milimita 7 hivi, lakini kama mbele kimechongoka kitabaki kimechongoka tu. Halafu skuna haina kamba wala mkanda, inashika mguu kwa kubana pembeni na kisigino, ikiwa kubwa hakuna kinachoushika, kwahiyo mguu unateleza kwenda mbele, na wewe umevaa nailoni juu ya soli ya ndani ya reksini yani utelezi juu ya utelezi, kila hatua vidole vinaenda kujikusanya kwenye ncha. Kisigino nacho kikiwa kirefu kinazidi kuusukuma uzito mbele. Na stokingi inatoboka kwa sababu hiyohiyo, kucha inausukuma uzi kutwa nzima.

Fanya hivi leo ukirudi kutoka kazini, maana jioni mguu umevimba kidogo na huo ndo mguu wa kununulia viatu, sio wa Jumamosi asubuhi. Simama juu ya karatasi, uzito wote mguuni, mtu akuchoree mstari kuzunguka mguu (ukichora mwenyewe unainama na mguu unabadilika), kisha weka kiatu juu ya mchoro. Kama mstari wa vidole unaonekana nje ya kiatu, hata ukienda 40 hutapona. Kata huo mchoro nenda nao Kariakoo, muuza duka akicheka mwache acheke. Unatafuta kiatu ambacho mchoro unaingia wote na mbele ya kidole kirefu kuliko vyote inabaki kama sentimita moja, na kumbuka kwa wengine kidole kirefu ni cha pili, sio dole gumba. Kisigino cha sentimita 3 au 4 chenye kitako kipana kinatosha kabisa kwa ofisi. Ukipata chenye mkanda juu ya mguu chukua hicho, mkanda ndo unaozuia kuteleza, na jaribu ukiwa umevaa stokingi zilezile za kazini.

Kama unapita mitumba Karume, kiweke kiatu sehemu iliyo sawa ukiangalie kwa nyuma. Kikiwa kimelalia upande mmoja, kiache hata kama ni ngozi safi, kimeshachukua mwendo wa mwenyewe wa kwanza.

Kwenye stokingi, ile deni inayoandikwa kwenye pakiti ni unene wa uzi, deni 15 maana yake mita 9,000 za huo uzi zina gramu 15. Kwa hiyo 15 inapendeza ila inachanika kwa kuguswa tu, 40 inadumu ila kwa joto la Dar utalia, mi ningekwambia 20 mpaka 30 yenye vidole vilivyoongezewa uzi. Usinunue fupi kwa sababu inavutika, ikivutika inakunja vidole kama kiatu kibaya tu. Baada ya kuvaa vuta kidogo pale mbele vidole vipumue. Za magotini zikikuachia alama iliyozama ukivua, zinakubana, ongeza saizi. Nailoni hainyonyi jasho kama pamba, kwahiyo fua kila siku na viatu vipokezane, pea mbili, la sivyo fangasi hazitakuacha.

Kuna hali hutakiwi kuhangaika na viatu, nenda hospitali: vidole vinawaka hata usiku umelala bila kitu mguuni (wapime na sukari), ganzi isiyoisha, au mguu mmoja umevimba ghafla na unauma, huo wahi siku hiyohiyo.

Ile 39 usiitupe kama mchoro wako unaingia ndani yake. Mpelekee fundi viatu akushonee mkanda na aweke kipande cha ngozi laini chini ya unyayo wa mbele, upande wenye manyoya ukae juu ili nailoni ishike. Bei mpatane kabla hajashika sindano.